Gango Bila Muuguzi

Katika makaburi ya kale ya Naga-ed-Der, nchini Misri, wachimbuaji walikuta mwili wa msichana anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 14 hivi, aliyevunjika mfupa wa paja zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Paja lake lilikuwa bado limefungwa magango: vibao vilivyoviringishiwa kitambaa cha kitani, vikapangwa kuuzunguka mguu na kukazwa kwa mafundo. Grafton Elliot Smith, mtaalamu wa anatomia aliyeyaeleza magango hayo mwaka 1908, aliuangalia mfupa wenyewe na hakuona dalili yoyote ya kuunga. Mfupa wa kijana wa umri huo huanza kujijengea mfupa mpya ndani ya wiki mbili tatu. Msichana yule, basi, hakuishi muda mrefu baada ya kufungwa. Fundi alifika, vibao vilipatikana, kitani kilifungwa kwa uangalifu, na bado mtoto alikufa.

Kiswahili kina kitenzi kinachotusaidia kulifikiri jambo hili. Kuganga ni kuunganisha kilichoachana, na papo hapo ni kumtibu mtu. Humo ndimo lilimotoka gango, na humo ndimo alimotoka mganga. Lakini historia ya mivunjiko, kama inavyosimuliwa mara nyingi, imeliweka gango mbele na kumsahau anayeganga. Imekuwa orodha ya vifaa na majina ya waliovibuni: huyu alileta plasta, yule akaleta eksirei, mwingine akaleta chuma cha kupenyeza ndani ya mfupa. Nasema orodha hiyo inapotosha. Mfupa hujiunga wenyewe, ukipewa utulivu na damu. Kwa sehemu kubwa, kilichoamua nani aishi na nani abaki na mguu wake ni uangalizi: mtu aliyekagua kabla ya kugusa, aliyejua namna ya kumnyanyua majeruhi, na aliyerudi kukagua tena saa baada ya saa. Kazi hiyo leo tunaiita uuguzi, hata pale ilipofanywa na watu wasiokuwa na jina hilo.

Wamisri hao hao walijua kwamba kukagua ni kazi inayojitegemea. Hati ya mafunjo inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua Luxor mwaka 1862, iliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kwa kunakiliwa kutoka maandiko ya zamani zaidi. Ina visa 48 vya majeraha, na karibu kila kisa kimepangwa kwa mtindo mmoja: jina la jeraha, namna ya kulikagua, uamuzi, kisha tiba. Uamuzi ni wa aina tatu. Kuna jeraha ambalo tabibu atalitibu, kuna ambalo atapambana nalo, na kuna ambalo halitatibiwa. Mtu aliyevunjika mfupa wa mkono juu ya kiwiko, ngozi ikiwa na kidonda, alipaswa kukaguliwa kwa vidole ili ijulikane kama kidonda kimefika kwenye mvunjiko. Kikiwa kimefika, uamuzi ulikuwa wa tatu. Tunaweza kuuona huo kuwa ukatili, lakini mwandishi alikuwa ameshagundua jambo ambalo kila wodi ya mifupa inaliishi mpaka leo: swali la kwanza kuhusu mvunjiko ni kama umetoboa ngozi au la, na jibu lake huamua yote yanayofuata. Ilimchukua binadamu zaidi ya miaka 3,000 kuubadili uamuzi ule, hadi Agosti 1865, mpasuaji Joseph Lister alipokifunika kwa asidi ya kaboliki kidonda cha mtoto wa miaka 11 aliyevunjika mguu mjini Glasgow, na mguu ukapona.

Kabla ya Lister kuna kisa kingine kinachosimuliwa kwa madaktari kama kichekesho, nami naona kinastahili heshima zaidi ya hapo. Mwaka 1756 Percivall Pott, mpasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew mjini London, alianguka kutoka juu ya farasi na mguu ukavunjika, mfupa ukatokeza nje. Watu walimkimbilia wamnyanyue. Akakataa. Aliendelea kulala barabarani mpaka walipoitwa wabebaji wawili wa viti vya kukodi waje na miti yao. Akanunua mlango, miti ikapigiliwa misumari kwenye mlango huo, akalazwa juu yake na kubebwa hadi nyumbani. Huko wenzake walishakubaliana kuukata mguu na vyombo vilikuwa tayari, ndipo alipofika mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, akaukagua na kuona kwamba ungeweza kuokolewa. Ukaokolewa. Hakuna kifaa kipya katika kisa hiki. Kuna mlango, miti miwili, mgonjwa aliyejua kwamba kunyanyuliwa hovyo kungeugeuza mguu wake kuwa nyama na vigingi vya mfupa, na jicho moja lililokagua upya baada ya wengine kuamua.

Plasta ilikuja karne moja baadaye. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alipaka unga wa jasi kwenye bandeji za pamba mwaka 1851, akazilowesha, akazifunga, zikakauka ndani ya dakika chache na kuwa ngumu kama jiwe. Hilo ndilo hogo la wodi za Tanzania, na kwa kweli lilikuwa jambo kubwa. Mpasuaji Nikolai Pirogov aliitumia plasta kwa mamia ya askari wa Urusi katika vita vya Krimea, na viungo ambavyo vingekatwa vikabaki. Lakini tazama ni akina nani waliokuwa naye Sevastopol. Mwaka 1854 Dachesi Mkuu Elena Pavlovna alianzisha jumuiya ya masista wa kuuguza majeruhi, na Pirogov akawagawa kwa kazi: wa kufunga vidonda, wa dawa, na wa kusimamia chakula na nguo. Wakati huo huo, upande wa pili wa vita, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alikuwa akipigania maji safi na mashuka. Plasta ilihitaji watu hao kuliko gango la ubao lilivyowahitaji, kwa sababu plasta huficha. Ukiufunga mguu ndani ya jiwe, huoni tena ngozi ikibadilika rangi, huoni uvimbe, huoni damu ikikwama.

Gharama ya kuficha huko ilielezwa mwaka 1881 na Richard von Volkmann, mpasuaji wa Halle, Ujerumani. Alikuwa ameona viganja, hasa vya watoto, vilivyojikunja kama makucha na kukauka baada ya mkono kuvunjika na kufungwa. Wengi walidhani ni neva zilizojeruhiwa. Volkmann alisema ni misuli iliyokufa kwa kukosa damu, na kwamba bandeji iliyokazwa mno ndiyo iliyoiua. Leo tunaelewa kwamba misuli ya mkono na mguu imefungiwa ndani ya vyumba vya utando usiotanuka. Ikivimba ndani ya vyumba hivyo, au ikibanwa kutoka nje, shinikizo hupanda mpaka damu haipiti, na baada ya saa sita hivi madhara huwa ya kudumu. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi kiasi cha jeraha lenyewe, yasiyotulizwa na dawa, yanayokuwa makali zaidi pale vidole vya mgonjwa vinaponyooshwa taratibu. Ganzi na kupauka hufuata, na mapigo ya mshipa yanapopotea mara nyingi muda umekwishapita. Mtoto anayelia usiku kucha ndani ya plasta mpya hadeki. Anatoa taarifa, na aliye karibu naye kuipokea ni muuguzi au mama yake. Ndiyo maana naamini ugunduzi wa Volkmann ni wa uuguzi kuliko wa upasuaji: ulisema kwamba mgonjwa aliyefungwa vizuri saa mbili usiku anaweza kuwa amepoteza mkono ifikapo alfajiri, na kwamba kinachosimama kati ya nyakati hizo mbili ni mtu anayekuja kutazama vidole.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote, hata hivyo, ni cha gango la Thomas. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa Anglesey mwaka 1834, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Baba yake, Evan, alifanya kazi hiyo Liverpool bila cheti chochote, akashitakiwa mara kadhaa, kisha akawasomesha wanawe wote watano udaktari. Hugh Owen hakuwahi kupewa nafasi katika hospitali kubwa. Alikuwa na zahanati yake, alikuwa na karakana ya mhunzi na mshona ngozi, na siku za Jumapili aliwatibu maskini bure. Mwaka 1875 alichapisha kitabu kilichoeleza gango lake: pete iliyofunikwa ngozi inayokaa kwenye kinena, na fito mbili za chuma zinazoshuka pande mbili za mguu hadi kupita unyayo. Mguu huvutwa na kufungwa kwenye ncha ya fito, pete ikisukuma upande wa pili, na mguu unatulia. Alikufa mwaka 1891, na nje ya wanafunzi wake gango hilo halikutumika sana.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, basi, gango lilikuwa na umri wa karibu miaka 40. Askari waliovunjwa paja kwa risasi walifungwa bunduki kando ya mguu, au ubao mrefu, wakabebwa juu ya matuta na mashimo. Mvunjiko wa paja unaweza kumwaga lita moja hadi moja na nusu ya damu ndani ya nyama bila tone kuonekana nje, na kila mtikiso hufungua upya palipoanza kuziba. Robert Jones, mpwa wa mke wa Thomas na mwanafunzi wake, alikadiria kuwa katika mwanzo wa vita majeruhi wa paja waliokuwa na kidonda walikufa kwa kiwango cha asilimia 80. Mwaka 1917, katika mapigano ya Arras, Henry Gray, mpasuaji mshauri wa Jeshi la Tatu la Uingereza, alihesabu majeruhi 1,009 wa aina hiyo, na waliokufa walikuwa asilimia 15.6.

Ni nini kilichobadilika kati ya 1914 na 1917? Si kifaa. Kilichobadilika ni mikono. Jeshi liliwafundisha wabeba machela kulifunga gango la Thomas kwa watu watatu, kila mmoja akijua kazi yake kwa amri zenye namba: mmoja kuushika mguu na kuuvuta bila kuuachia, mmoja kupitisha pete, mmoja kufunga. Walizoezwa mpaka wakaweza kulifanya wamefumbwa macho, kwa kuwa kazi yao halisi ilikuwa gizani. Buti na suruali havikuvuliwa, kamba ilifungwa juu ya buti na kukazwa kwa kijiti kinachozungushwa. Blanketi zilitandikwa chini na juu, na katika vituo vya mbele jiko la Primus liliwekwa chini ya machela ili majeruhi apate joto, kwa sababu baridi na upungufu wa damu huua pamoja. Huo ni uuguzi katika sura yake tupu, ukifanywa na vijana ambao miaka michache nyuma walikuwa makarani na wachimba makaa.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Takwimu hizo mbili hazikukusanywa kwa njia moja. Ya kwanza ni makadirio ya mtu mmoja, ya pili imewahesabu waliofika vituo vya upasuaji na kuwaacha waliokufa njiani. Isitoshe, kufikia 1917 wapasuaji walikuwa wamesogezwa karibu na mstari wa vita, vidonda vilisafishwa mapema na nyama iliyokufa kukatwa, na kuongezewa damu kulikuwa kumeanza. Nayakubali yote hayo. Sidai kwamba gango lililofungwa vizuri lilishusha vifo kutoka 80 hadi 16 peke yake, na anayedai hivyo anaisoma hesabu kwa haraka. Lakini kukubali huko hakuibomoi hoja. Upasuaji wa mapema humsaidia anayefika akiwa na mapigo ya moyo, na aliyebebwa nusu siku mguu ukiyumba mara nyingi hakufika hivyo. Zaidi ya yote, upingaji huu haujibu swali la miaka 40. Kama kifaa ndicho kiponyacho, kwa nini kilikaa Liverpool tangu 1875 bila kuwafaa wengine? Chuma kilikuwepo. Mtu aliyefunzwa kukitumia, mahali pa ajali na kwa dakika za kwanza, ndiye aliyekosekana.

Na gango likishafungwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa wa paja alilala wiki 12 au zaidi mguu ukivutwa kwa kamba zinazopita juu ya makapi. Muuguzi alilazimika kuisogeza ngozi chini ya ile pete mara nyingi kwa siku, kuikausha na kuitazama, kwa maana pete inayomshikilia mgonjwa ndiyo hiyo hiyo itakayomchubua kinena. Uzito lazima uning'inie bila kugusa sakafu wala chuma cha kitanda, kwa kuwa uzito uliokalia kitu hauvuti. Kisigino hakitakiwi kulala juu ya godoro. Unyayo usaidiwe usije ukalegea na kuanguka mbele daima. Mgongo na matako vikaguliwe, mapafu yafanyishwe mazoezi, choo kifuatiliwe, chakula kiliwe. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye picha ya eksirei, na kila moja likisahaulika linaweza kumuua mtu ambaye mfupa wake unaunga vizuri kabisa.

Mtu aliyeielewa kazi hiyo kuliko wengi alikuwa mwenyewe mlemavu. Agnes Hunt, aliyezaliwa mwaka 1866, aliharibika nyonga utotoni kwa maambukizi ya damu na akatembea kwa shida maisha yake yote. Alisomea uuguzi, na mwaka 1900 akafungua nyumba ya watoto wenye ulemavu katika kijiji cha Baschurch, Shropshire, ambako wagonjwa walilazwa kwenye vibanda vilivyo wazi kwa hewa. Siku za upasuaji aliwapeleka watoto kwa treni mpaka Liverpool kwa Robert Jones, mpaka Jones alipoanza kuja Baschurch mwenyewe. Mchango mkubwa wa Hunt, kwa maoni yangu, ni kutambua kwamba hospitali hupoteza kazi yake mlangoni. Mtoto aliyefungwa vizuri hurudi kijijini, gango hulegea, mama hana wa kumuuliza, na baada ya miezi sita mguu umepinda tena. Hunt akaanzisha zahanati za ufuatiliaji katika miji midogo ya jirani, zikiendeshwa na wauguzi waliokagua, wakarekebisha, na kumrudisha kwa daktari yule tu aliyemhitaji. Mwaka 1921 hospitali yake ilihamia Oswestry, na mpaka leo inaitwa kwa majina mawili, la Robert Jones na la Agnes Hunt. Hospitali zinazobeba jina la mpasuaji na la muuguzi kwenye ubao mmoja ni chache mno.

Upo upingaji wa pili, mzito kuliko wa kwanza, kwamba zama hizo zimepita. Mwaka 1940 Gerhard Küntscher, mpasuaji wa Kiel, Ujerumani, alionyesha chuma kirefu alichokipenyeza ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Mgonjwa akainuka kitandani baada ya siku chache badala ya miezi mitatu, na wiki 12 za kamba na makapi zikawa mzigo usio wa lazima. Tangu 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na Mmarekani Lewis Zirkle, limekuwa likitoa chuma cha namna hiyo kinachoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na kimetumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Wenye hoja hii wanasema tununue vyuma, tusomeshe wapasuaji, na habari ya kukagua vidole tuwaachie wanahistoria. Ni kweli kwamba chuma ni bora kuliko kamba kwa paja la mtu mzima, na kila mgonjwa anayekaa miezi kitandani kwa kukosa chuma anadhulumiwa. Lakini shinikizo ndani ya vyumba vya misuli huja pia baada ya chuma kuwekwa. Damu inayoganda kwenye mishipa ya mguu, mafuta ya mfupa yanayokimbilia mapafuni, kidonda kinachoanza kunuka siku ya tano, bibi aliyevunjika nyonga anayeanza kuchanganyikiwa usiku: yote haya hutambuliwa kwanza na yule anayekaa na mgonjwa. Na katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki, chuma hakipo wiki hii. Iliyopo ni kamba, na kijana wa bodaboda, na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi. Kumpuuza huyo kwa kusubiri teknolojia ni kurudi mwaka 1914, gango likiwa karakanani na askari akibebwa mguu umefungwa bunduki.

Ndiyo sababu pia siwezi kuungana na wanaowadharau waunga mifupa wa vijijini kwa jumla. Thomas alitoka kwao, na vidole vyao vinavyousoma mfupa kupitia ngozi ni elimu ya kweli. Kosa linaloua viungo mikononi mwao ni lile lile aliloliona Volkmann kwa madaktari wenye shahada: kufunga kwa nguvu, kisha kuondoka. Elimu ya kulirekebisha haihitaji umeme wala fedha za kigeni, na wizara za afya zingeweza kuanza kuifundisha kwa wauguzi, waunga mifupa na madereva wa bodaboda kesho asubuhi.

Nawe unayesoma, ukimkuta mtu amevunjika mguu barabarani, usimnyanyue kwa kumkamata makwapa na miguu na kumtupa nyuma ya gari. Zuia damu inayotoka, funika kidonda kwa kitambaa safi, fungia mguu uliovunjika kwenye ubao au kwenye mguu mzima, mfunike blanketi, kisha abebwe amelala. Acha vidole vyake wazi, uviguse, uulize kama anahisi. Andika saa. Na akisharudi nyumbani na hogo, akalalamika usiku kwamba maumivu yanazidi na vidole vimekufa ganzi, msingoje kukuche. Mrudisheni hospitali usiku ule ule.